Mikono Mirefu na Makaratasi: Bismack Biyombo na Kazi ya Mpira wa Kikapu



Katika mji huu wa Lubumbashi mtu akitaja mpira, akili zote zinakimbilia Kamalondo, kwenye uwanja wa klabu ya Mazembe. Hakuna wa kulaumiwa. Mazembe imechukua ubingwa wa Afrika mara 5, na mwaka 2010 iliwatoa Internacional wa Brazili na kufika fainali ya vilabu vya dunia. Mbele ya historia hiyo, mpira wa kikapu ni mdogo wa nyumba anayeachiwa bukari iliyobaki sufuriani. Hata hivyo, mtoto wa Lubumbashi aliyesaini mkataba wa dola milioni 72 hakuupata kwa kupiga mpira kwa mguu. Aliupata kwa kuudaka.

Huyo ni Bismack Biyombo Sumba, na ndiye ninayetaka tumtazame jioni hii. Nawaomba tusimtazame kama nyota. Nyota tunao wa kutosha kwenye simu zetu. Tumtazame kama mtu wa kazi. Kazi yake imebebwa na vitu viwili. Cha kwanza ni mikono, ambayo alizaliwa nayo. Cha pili ni makaratasi: mikataba, paspoti, viza na cheti cha kuzaliwa. Mikono tunaisifu sana. Makaratasi hatuyazungumzii, na hapo ndipo watoto wetu wengi wanapokwama.

Alizaliwa hapa Lubumbashi tarehe 28 Agosti 1992. Wazee mliopo mnajua mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Miaka miwili kabla, mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa inaanguka, na mwaka 1993 haikufikisha hata tani 50,000. Mwezi huohuo wa Agosti 1992 majirani walianza kufukuzana hapa Katanga, na stesheni za treni zikajaa watu wanaorudi Kasai, wengine hawajawahi kuiona. Sisemi haya ili kupamba hadithi ya mtoto aliyetoka kwenye dhiki. Nayasema kwa sababu kizazi cha wazazi wake kilikuwa na picha moja ya kazi, na picha hiyo ilikuwa inavunjika mbele ya macho yao. Kazi ya Gécamines ilikupa mshahara, nyumba, mfuko wa unga, hospitali, shule ya watoto, na hata uwanja wa michezo. Ukiingia ukiwa kijana, ulitoka ukiwa mzee. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipolipwa mara moja na kuambiwa waende nyumbani, picha hiyo ilizikwa rasmi. Biyombo alikuwa na miaka 11.

Basi mtoto huyo alikulia katika mji ambao hauna tena mwajiri mmoja wa kumtegemea. Akachagua mchezo ambao nao haukuwa na njia iliyonyooka. Akiwa na miaka 16 hivi aliondoka. Mnadhani alikwenda Marekani? Ufaransa? Ubelgiji, kwa mjomba? Alikwenda Yemen. Narudia, Yemen, kucheza mpira wa kikapu. Ukimwambia mzazi wa Katuba leo kwamba unampeleka mwanawe Yemen kutafuta maisha ya michezo, atakuitia watu wa kanisa wakuombee. Lakini ndiyo njia iliyofunguka. Katika eneo hilohilo la Waarabu alionwa na Mário Palma, kocha Mreno aliyekuwa ameipa Angola mataji ya Afrika na wakati huo akifundisha timu ya taifa ya Jordan. Palma hakuona mfungaji wa vikapu. Aliona kijana wa mita 2 na sentimita 3 ambaye akinyoosha mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, anafika karibu mita 2 na sentimita 30. Akamfungulia mlango wa Uhispania.

Huko aliingia Fuenlabrada, mji ulio kusini ya Madrid. Kwanza aliwekwa katika timu ya pili, kwenye madaraja ya chini, ambako viwanja ni vidogo na magazeti hayafiki. Mwanzoni mwa 2011 alipandishwa kwenye ligi kuu ya Uhispania, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ligi ngumu kuliko zote nje ya Marekani. Hakuwa na hata miaka 19. Miezi michache baadaye, Aprili 2011, alialikwa Portland kwenye mechi inayowakutanisha vijana bora wa Marekani na vijana bora wa dunia nzima. Alimaliza akiwa na pointi 12, ribaundi 11, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka, na bloku 10, yaani mitupo ya wapinzani aliyoizuia. Kwa wasiofuatilia: kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu ndani ya mechi moja ni jambo gumu sana, na katika mechi hiyo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Zaidi ya hapo, kati ya hayo matatu, lililowashangaza wataalamu ni bloku. Mara 10 kijana wa Kimarekani aliyetajwa magazetini tangu utotoni aliinuka kufunga, na mara 10 alikuta mkono wa Lubumbashi umeshafika.

Usiku huo mikono ilikuwa imemaliza kazi yake. Yaliyofuata yalikuwa ya makaratasi.

Kwanza, klabu yake ya Uhispania ilikuwa na mkataba naye, na haikuwa tayari kumwachia bure. Kanuni za NBA, yaani ligi ya kulipwa ya Marekani, zinaweka kikomo cha pesa ambazo timu inaweza kuchangia kumtoa mchezaji kwenye klabu ya nje. Kinachozidi kinatoka mfukoni mwa mchezaji mwenyewe. Kijana wa miaka 18 anaanza kazi akiwa na deni. Pili, na hili lilimuuma zaidi nadhani, yakaanza maswali ya umri. Je, ni kweli ana miaka 18? Waandishi waliuliza, maskauti wakanong'ona. Alisimama na umri wake uleule na ligi ikampokea kwa umri huo. Lakini fikirini: mtu amefanya jambo ambalo halijawahi kufanywa, na swali la kwanza analoulizwa ni la cheti cha kuzaliwa. Tunaweza kukasirika na kusema ni dharau kwa Mwafrika, na dharau ipo. Lakini hasira isitufanye tusahau kwamba swali hilo linapata nguvu kwa sababu sisi wenyewe watoto wetu wengi hatuwaandikishi.

Juni 2011 alichaguliwa wa 7 katika uteuzi wa wachezaji wapya. Jina lake lilisomwa kwa niaba ya Sacramento, lakini kwa mpango wa timu tatu akaenda Charlotte, timu iliyokuwa mali ya Michael Jordan. (Kuna kitu cha ajabu kidogo katika namba hiyo. Emmanuel Mudiay, aliyezaliwa Kinshasa, alichaguliwa wa 7 mwaka 2015. Jonathan Kuminga wa Goma, wa 7 mwaka 2021. Wenye kucheza bahati nasibu nawaachia.) Msimu wake wa kwanza ulifupishwa na mgogoro wa wamiliki na wachezaji, na katika mechi 66 Charlotte ilishinda 7 tu. Hakuna timu katika historia ya ligi hiyo iliyowahi kumaliza msimu na wastani mbaya wa ushindi kama ule. Ndivyo alivyokaribishwa. Alikaa Charlotte miaka 4, akijifunza kazi ndani ya timu inayofungwa karibu kila usiku, kisha timu ikamwacha aende.

Sasa tufike Toronto, kwa sababu hapo ndipo anapoeleweka.

Msimu wa 2015 hadi 2016 alikwenda Toronto Raptors kwa malipo ambayo kwa kiwango cha ligi ile yalikuwa madogo, chini ya dola milioni 3 kwa mwaka. Mkubwa wa timu alikuwa Masai Ujiri, aliyekulia Nigeria, baba Mnijeria na mama Mkenya, mtu anayejua Afrika si kwa ramani tu. Biyombo hakununuliwa awe mchezaji wa kuanza. Wa kuanza alikuwa Jonas Valančiūnas wa Lithuania. Biyombo alikuwa wa kuingia kutoka benchi, afanye usafi, akae. Mei 2016, katika raundi ya pili dhidi ya Miami, Valančiūnas akaumia. Akaitwa mtu wa Lubumbashi. Katika mechi ya 7, ile ambayo anayefungwa anarudi nyumbani, alipata pointi 17 na ribaundi 16, na Toronto ikafika fainali ya Mashariki kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Huko waliwakuta Cleveland ya LeBron James, ambayo mpaka hapo ilikuwa imeshinda mechi zote 8 za mtoano. Ilishinda mbili tena, ile ya 10 ikiwa ya pili dhidi ya Toronto. Tarehe 21 Mei ikachezwa mechi ya tatu, mjini Toronto. Biyombo alidaka ribaundi 26. Ishirini na sita! Toronto ikashinda 99 kwa 84. Alifunga pointi 7 tu.

Tukae hapa kidogo, maana vijana wengi wanadhani ribaundi ni urefu na kuruka. Urefu unasaidia, lakini uwanjani kila mtu ni mrefu. Mpira uliotupwa kutoka kona ukikosa, mara nyingi huangukia upande wa pili. Uliotupwa kutoka mbali hurudi mbali, uliotupwa kwa karibu huanguka karibu na pete. Anayedaka 26 ameanza kukimbilia mahali fulani wakati mpira bado uko hewani na wengine wanautazama waone kama umeingia. Kabla ya kuruka, anampa mpinzani mgongo, anamsukuma kwa makalio nusu hatua kutoka chini ya kikapu, anamfungia njia. Hiyo nusu hatua haionyeshwi kwenye marudio ya televisheni. Kisha anafanya hivyo tena, na tena, mara nyingi bila kupata chochote, kwa sababu mara nyingi mpira unaingia. Ni kazi ya kujiandaa kwa jambo ambalo huenda lisitokee. Biyombo katika maisha yake yote ya NBA ana wastani wa pointi 5 hivi na ribaundi 6 hivi kwa mechi, na mitupo huru, ile isiyo na mtu wa kukuzuia, anaingiza zaidi kidogo ya nusu. Kwa kufunga peke yake asingemaliza hata mwaka mmoja. Alidumu kwa sababu alichagua kazi ambayo wenzake hawaipendi, akaifanya kuliko wao.

Toronto ilishinda na mechi ya nne, kisha ikafungwa mbili, na Cleveland ikaenda kuchukua ubingwa. Lakini wiki zile tatu zilibadili karatasi yake. Mwezi Julai, Orlando Magic ilimpa miaka 4 kwa dola milioni 72.

Nimewasikia watu wakisema ni bahati. Sehemu yake ni bahati, tena ya kihasibu. Mwaka huo pesa mpya za televisheni ziliingia, na kiwango ambacho kila timu inaruhusiwa kutumia kwa mishahara kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi karibu milioni 94 kwa mkupuo. Aliyekuwa na mkataba unaokwisha majira hayo alivuna. Aliyemaliza mwaka mmoja kabla alikosa. Na ninyi mnaohesabu milioni 72 kana kwamba zimewekwa kwenye gunia: kodi ya serikali inakata, wakala anakata, na asilimia 10 ya mshahara huwekwa kando kama dhamana mpaka mapato ya ligi yahesabiwe. Hata hivyo karatasi ile ilikuwa na nguvu moja kubwa. Ilikuwa na uhakika wa malipo, acheze au akae benchi. Na kweli alikaa. Orlando ilikuwa na Nikola Vučević katika nafasi yake, na kwa miezi michache ikawa pia na Serge Ibaka wa Brazzaville, hivyo Kongo mbili zikawa zinagombania dakika chini ya kikapu kimoja. Timu ilifungwa sana. Mwaka 2018 akarudishwa Charlotte, mkataba ule ukaisha mwaka 2020, na kufikia 2021 hakuwa tena na mkataba wowote.

Mwaka huohuo baba yake, François Biyombo, akafariki. Bismack aliacha kucheza kwa miezi. Hakuwa na timu, na kwa mtu anayekaribia miaka 30 katika ligi ile, kukaa nje miezi michache mara nyingi ni kukaa nje moja kwa moja.

Mwanzoni mwa Januari 2022, ligi ikiwa imepigwa tena na korona na timu zikipungukiwa na watu, Phoenix Suns walimpa mkataba wa siku 10. Sikilizeni vizuri, mliokulia katika nyumba za Gécamines. Siku 10. Mtu aliyepata milioni 72 anafungasha begi kwenda kufanya kazi ya siku 10, na siku ya kumi na moja anaweza kuwa hana kazi. Kwa kawaida timu inaweza kumpa mtu mkataba wa aina hiyo mara mbili tu kwa msimu, baada ya hapo imchukue hadi mwisho au imwache. Phoenix wakamchukua hadi mwisho wa msimu, msimu ambao walishinda mechi 64. Mshahara huo, zaidi ya dola milioni 1, akatangaza kwamba wote utakwenda kujenga hospitali hapa nchini kwa jina la baba yake. Alikuwa amefuata nyayo zinazojulikana. Dikembe Mutombo, Mkongo aliyemtangulia NBA, alifungua hospitali Kinshasa mwaka 2007 kwa jina la mama yake, Biamba Marie, na Mutombo alipofariki Septemba 2024 hospitali ilikuwa inafanya kazi.

Baada ya Phoenix akaenda Memphis, ambao walimwacha katikati ya msimu, kisha Oklahoma City. Huko, Machi 2024, alianguka ghafla karibu na benchi wakati wa mechi mjini Portland, mji uleule wa zile bloku 10. Aliinuliwa, na baadaye akarudi kucheza. Februari 2025 San Antonio wakampa tena siku 10, na tena akabakishwa hadi mwisho wa msimu. Mara mbili karatasi dogo kuliko yote katika ligi, na mara mbili aliligeuza kuwa kubwa. Kwangu mimi hilo linazidi milioni 72. Ile ya 2016 ilisukumwa na upepo wa pesa za televisheni. Hizi mbili zilisukumwa na mtu aliyefika mazoezini akijua anapimwa kila asubuhi.

Nisingependa mwondoke mkidhani ni yeye peke yake. Oscar Tshiebwe naye ni mtoto wa Lubumbashi, amezaliwa Novemba 1999. Alianza na kandanda kama sisi sote, akahamia kikapu akiwa kijana, akaenda Marekani kusoma: Virginia, kisha Pennsylvania, kisha vyuo vikuu vya West Virginia na Kentucky. Mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani yote, akiwa na wastani wa ribaundi 15 kwa mechi. Ribaundi tena! Watu wawili, mji mmoja, kazi ileile chafu.

Lakini angalieni kilichompata. Wakati huo kanuni mpya zilikuwa zimeruhusu wanafunzi wachezaji kulipwa kwa matangazo ya biashara. Wenzake Wamarekani walilipwa. Yeye, mchezaji bora wa nchi, alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo haikumruhusu kufanya kazi ya aina hiyo katika ardhi ya Marekani. Timu ya Kentucky ilipokwenda Bahamas Agosti 2022 kucheza mechi za maandalizi, ndipo aliposhughulikia matangazo yake, kwa sababu Bahamas si Marekani. Mikono ileile, mtu yuleyule, bahari kidogo katikati, na karatasi ndiyo iliyoamua. Halafu mwaka 2023, kwenye uteuzi wa NBA, hakuitwa na timu yoyote. Amefanya kazi kwa mikataba ya njia mbili, Indiana na baadaye Utah, ile inayomweka mchezaji nusu katika ligi kubwa na nusu katika ligi ya chini. Mchezaji bora wa vyuo vyote anaanza kazi akiwa na mguu mmoja nje ya mlango. Vijana, msiseme hamkuambiwa.

Mtu ataniuliza: na hapa nyumbani? Hapa nyumbani kuna jambo ambalo Biyombo hakulikuta alipokuwa na miaka 16. Tangu 2021 kuna Ligi ya Kikapu ya Afrika, na mwaka 2022 klabu ya Lubumbashi, Espoir Fukash, iliiwakilisha Kongo katika kundi lililochezwa Cairo. Siyo NBA, na viwanja vyetu vingi bado ni saruji iliyopasuka chini ya jua, mvua ikinyesha mazoezi yamekwisha. Lakini leo kijana wa Kampemba anaweza kuonwa bila kupitia Yemen. Kuonwa kukishakuwa rahisi, kizuizi kinachobaki ni kile nilichokitaja mwanzo: makaratasi.

Kwa hiyo ombi langu siwaelekezi makocha, wao wanafanya kazi yao kwa posho isiyotosha nauli. Nawaelekeza wazazi. Sheria ya nchi hii inakupa siku 90 tangu mtoto azaliwe kwenda ofisi ya komini kumwandikisha, na ndani ya siku hizo uandikishaji ni bure. Baada ya hapo unaingia mahakamani, na mahakamani kuna gharama na kungoja. Yule mliyemwacha nyumbani leo amelala, kama hajaandikishwa, mpelekeni kesho. Na wewe uliye na miaka 15 au 16, mtu akija na mkataba mkononi, usiusaini siku hiyohiyo. Upeleke kwa mtu anayejua kusoma Kifaransa cha sheria, akusomee kila ukurasa, hasa ule unaosema utatokaje.